Baiskeli ya Msimu wa Ulanzi

Yule mwanamume wa kwenye simu alikuwa na karakana kubwa kuliko fleti yetu nzima, na bado kila video aliianza kwa kusema kwamba kazi hii unaweza kuifanya nyumbani. Nyumbani kwa nani? Nyuma yake misumeno ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mpangilio, kila mmoja na msumari wake, na meza yake ilikuwa pana kiasi cha kulaza ng'ombe. Ndevu zake zilikuwa zimechanwa vizuri. Mume wangu alikaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto, akamtazama mtu huyo kutwa nzima kama anayesikiliza mawaidha ya Ijumaa.

Sisi tunakaa Point, hapa Durban, kwenye moja ya yale majengo ya zamani upande wa bandari. Tuna chumba kimoja na roshani. Jiko na bafu tunatumia pamoja na jirani yetu Mkongo na mke wake. Ukifungua mlango wa chumba chetu kwa haraka unagonga kitanda. Humo ndimo mume wangu alimoamua kujenga fremu ya baiskeli kwa mianzi.

Nieleze ilivyoanza, mtu asije akadhani ni ulimbukeni mtupu. Ulimbukeni ulikuwemo, lakini haukuwa peke yake.

Mume wangu alikuwa akipeleka dawa majumbani. Kuna duka la dawa mtaa wa pili kutoka kwetu, mwenyewe ni mama mmoja Mkenya, mfamasia wa kusomea kabisa. Wazee wengi wanaokaa kwenye maghorofa ya ufukweni hawawezi kushuka ngazi, basi dawa zao za presha na za sukari mume wangu alizipeleka kwa baiskeli. Walimpenda. Kuna bibi mmoja wa Kihindi ambaye hakupokea dawa mpaka kwanza ampe sambusa, na mume wangu akirudi nyumbani hali chakula changu, anasema ameshiba. Nilimvumilia bibi huyo kwa sababu mume wangu alikuwa akirudi anacheka.

Kisha asubuhi moja teksi ikapita taa nyekundu, hizi taa za barabarani ambazo huku kila mtu anaziita roboti, ikamkuta yeye katikati. Baiskeli ilipindwa ikawa haijulikani mbele wala nyuma. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti. Hospitali wakamtia chuma ndani, wakashona, wakamrudisha kwangu.

Mama wa dawa alikuja kumwona, amebeba matunda na kofia mpya ya kuendeshea, ile ngumu ya kukinga kichwa.

"Pole sana, kaka," alisema. "Mguu ukipona, kazi yako iko. Na baiskeli nimeshakununulia ingine, iko hapo store, ni wewe tu inangoja."

Mume wangu akautazama ukuta. "Asante sana, mama. Lakini mimi chuma sipandi tena. Hiki kilichomo mguuni kinanitosha. Nitajitengenezea yangu, ya mianzi."

Mama wa dawa akanitazama mimi. Mimi nikayatazama matunda.

Nilielewa palepale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mume wangu hakuwa na ugomvi wowote na chuma. Alikuwa anaiogopa barabara, anaogopa roboti ile, anaogopa ule mlio wa teksi zinapokuja nyuma yako. Na mtu anayetengeneza baiskeli yake mwenyewe, nani atamwuliza mbona huendi kazini? Atajibu kwamba haijaisha. Isipokwisha mwaka huu, itakwisha mwakani. Wakati huohuo mama wa dawa atachoka kungoja, kazi itakwenda kwa mtu mwingine, na mimi nitabaki na mwanamume wa roshani, anayehesabu meli na kunung'unikia chai. Nimewaona wanaume wa namna hiyo. Wapo wawili kwenye jengo letu hili hili, na wake zao wameshaacha kuwauliza chochote.

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa mimi. Lakini sikumwambia. Mimi ni mtu wa Tanga, kinywa ninacho, naweza kumwambia mtu kuhusu mama yake, viatu vyake na namna anavyotafuna. Ila kumwambia mwanamume usoni kwamba anaogopa ni kumvua nguo sokoni. Basi nikachagua kuidharau mianzi yake. Hiyo kazi niliiweza.

Na mianzi yenyewe ilinisaidia. Mume wangu ni mtu wa Njombe. Kwao, mvua zikikolea, watu hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, wakatundika chombo chini yake, na yale maji yanayodondoka yakichacha ndiyo pombe yao, ulanzi. Alilelewa nao, aliunywa tangu hajaota ndevu. Kabla ya kunioa alisilimu, nami namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mapenzi yake kwa ulanzi hayakusilimu naye. Hanywi tena, ila mvua ikinyesha tu anakaa dirishani, macho yamelegea, anasema, "Saa hizi kwetu mianzi inalia."

Kwa hiyo alipotaka mianzi ya baiskeli hakumuuliza mtu. Akasema mwanzi ameujua tangu tumboni. Mwezi wa kwanza, mvua za Durban zikimwagika, akachechemea hadi Cato Manor. Kule anakaa rafiki yake Mtanzania, amepanga chumba cha uani kwa bibi mmoja wa Kizulu, na nyuma ya uwanja wa bibi huyo kuna kichaka kikubwa cha mianzi. Bibi alifurahi mno. Alisema chukua, chukua yote, humo kuna nyoka. Mume wangu akachagua ile mibichi kabisa, iliyojaa maji, akairudisha kwa pikapu ya rafiki yake. Ilipanda ngazi zetu ikidondoka.

"Mbona inatoa maji?" niliuliza.

"Mwanzi unakatwa ukiwa hai," akasema kwa sauti ya mwalimu. "Mvua ndiyo wakati wake. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo."

Mkongo akachungulia kutoka jikoni. "Papa, iko nini hii? Munajenga nyumba ndani ya nyumba?"

"Vélo," akajibu mume wangu, yaani baiskeli, kwa Kifaransa chake cha neno moja.

"Vélo ya miti?" Mkongo akanigeukia. "Mama, uko unasikia?"

Nikamwambia nasikia, tena kwa masikio yote mawili.

Yule wa kwenye video alisema fremu lazima ichorwe kwanza kwenye ubao ulionyooka, kila bomba mahali pake, ili baiskeli isije ikatoka imepinda. Sisi ubao ulionyooka tulikuwa nao mmoja tu, nao ulikuwa mlango wa kabati langu. Nilirudi kutoka kazini, nashona mapazia kwenye kiwanda kimoja huko Jacobs, nikakuta kabati liko wazi, nguo zangu zinatazamwa na dunia, na mlango umelala roshani umechorwa mistari ya penseli. Nikauliza utarudi lini. Akasema fremu ikiisha. Nikajua nguo zangu nazo zimeingizwa kwenye ule mpango wake wa kutokwenda kazini.

Akaikata ile baiskeli iliyopindwa. Humo alitoa vipande ambavyo mwanzi hauwezi kuwa badala yake: bomba fupi la mbele linaloshika usukani, lile la chini zinamozungukia pedeli, na ncha mbili za nyuma zinazokamata gurudumu. Nilimkumbusha kwamba alisema hapandi chuma tena. Akasema hivyo ni vidogo. Akaikata mianzi kwa urefu, akaichonga ncha zikumbatie vile vyuma, akavipanga juu ya mlango wangu, akashikiza kwa gundi. Mbali ilionekana baiskeli. Karibu ilionekana uzio.

Kijana mmoja wa kwenye yale majengo mapya ya ufukweni, wale wanaovaa nguo za kubana wakaendesha baiskeli kwenda mahali pasipo na shughuli na kurudi, aliwahi kumkuta mume wangu ameishusha uwanjani kuipiga msasa. Akaomba kupiga picha. Akasema kitu hiki ni kizuri kwa dunia. Mume wangu aliyarudia maneno hayo juma zima. Nikamwambia dunia hailali chumbani kwetu, haipigi chafya kwa vumbi, na mlango wa kabati lake haujang'olewa.

Kisha ule unga ukaanza. Kila asubuhi nilikuta unga mweupe sakafuni chini ya fremu, na juu ya madera yangu yaliyokosa mlango. Nikaupangusa, kesho yake upo. Nikainama nikaona vitundu, vidogo, vya mviringo, kama vimetobolewa kwa sindano. Bungua. Mianzi ilikuwa inaliwa na bungua ndani ya nyumba yangu, nao walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi.

"Ni vumbi la msasa," alisema mume wangu.

"Msasa unafanya kazi tukilala?"

Na siku moja tumekaa tunakula, mimi na yeye, ugali na maharage, tukasikia ta! Bomba la juu lilikuwa limepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha. Tukatazamana. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake.

"Linapumua," akasema. "Ni kawaida."

"Limekata roho," nikasema mimi. "Nalo ni kawaida."

Jumapili iliyofuata akampigia mama yake Njombe, akaweka simu sauti ya juu, nadhani kwa kutafuta mtu wa upande wake. Akamweleza ufa na bungua. Mama mkwe wangu akauliza, "Uliukata lini, mwanangu?"

"Mwezi wa kwanza, mama. Mvua zimekolea kabisa. Unadondoka."

Tukadhani mtandao umekatika. Kisha tukasikia kicheko, kicheko cha mtu mzima aliyeacha jembe chini ili acheke sawasawa, kikaendelea mpaka kikawa kikohozi.

"Huo ni wakati wa kuunywa!" akasema. "Mwanzi wa ulanzi ndio unaofuata mvua. Wa kujengea unakatwa kiangazi, maji yameshuka chini, hauna utamu ndani. Ukiukata na utamu wake, wadudu watakuja tu, nao wanapenda ulanzi. Baba yako alijenga ghala, akajenga banda la ng'ombe, miaka yote hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Alikuwa anakunywa, mama," nikajibu kutoka jikoni.

Tulicheka naye, mimi na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Mkongo naye akacheka upande wa pili wa ukuta, maana kuta zetu ni za karatasi. Nikatoka na mwiko mkononi kumtazama mume wangu, nimwone amefedheheka nimuonee huruma kidogo. Hakuwa amefedheheka. Uso wake ulikuwa umepumzika. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mtihani umeahirishwa.

"Basi tutangoja kiangazi," alisema, na akajinyoosha kitandani.

Nilirudi jikoni nikaugeuza ugali kwa hasira mpaka sufuria ikalia.

Duka la dawa liko njiani ninapotoka kazini, na mama wa dawa ana macho. Akaniita.

"Sasa, huyu mzee wako ako aje? Mguu?"

"Mguu umepona. Anatembea vizuri kuliko mimi."

"Na hiyo bike yake?"

"Bado inakauka," nikasema, maana ndilo lilikuwa neno la siku hizo.

"Inakauka? Mama, hiyo ni baiskeli ama ni nguo?" Akacheka, halafu akaacha. Akaegemea kaunta. "Sikiza. Wale wazee wananiulizia yeye kila siku. Natuma dawa na watu wa kukodi, wengine wanaacha paketi kwa mlinzi wanaenda. Naweza ngoja mpaka winter iishe. Baada ya hapo itabidi nichukue mtu. Si kupenda kwangu."

Nikamwambia najua si kupenda kwake. Mume wangu nilipomfikishia maneno hayo alisema winter ni ndefu.

Baridi ilipoingia, hiyo baridi ya Durban ambayo kwa watu wa Njombe ni mzaha, akarudi Cato Manor kwa yule bibi. Safari hii alikata mianzi iliyokomaa, mikavu, yenye rangi ya chai ya maziwa. Nilikiri moyoni kwamba ilikuwa mizuri. Mdomoni nilisema imefanana na vijiti vya kuchokolea mahindi.

Tena ilitakiwa ichomwe, moto uutoe utamu uliobaki na uikaze ngozi yake. Kila pingili ya mwanzi ina hewa ndani, imefungwa na kifundo huku na huku, na mtu mwenye akili huvitoboa vile vifundo kwanza kwa nondo, hewa ipate pa kutokea. Mume wangu alivitoboa vyote isipokuwa kimoja. Akaupitisha mwanzi juu ya jiko la gesi, polepole, akiugeuza na kuupangusa kwa kitambaa, na kwa kweli ulikuwa unabadilika rangi vizuri, ukinukia kama mkate. Halafu ile pingili iliyosahauliwa ikalipuka.

Hapa Point watu hawaulizi mlio kama huo ni wa nini, kila mtu anajua ni risasi. Mkongo alikuwa chini kabla sijageuka, amemvuta na mkewe. "Lala chini! Lala chini! Iko masasi!" Mlango wa fleti ya jirani ukapigwa komeo, na huko barabarani mtu akaanza kukimbia. Mume wangu alisimama pale jikoni na nusu ya mwanzi mkononi, nyusi zimeungua.

Mkongo alipogundua kwamba ni mwanzi, alinyanyuka akajifuta magoti. "Papa," alisema kwa heshima zote, "ile vélo yako itatuua mbele hata haijatembea."

Ikaja kazi ya mafundo, ambayo ndiyo baiskeli yenyewe. Pale mianzi inapokutana na chuma hakuna skrubu wala kulehemu. Unachukua nyuzi, unazilowesha gundi ya maji mawili, yale yanayochanganywa, na unazungusha, unazungusha, mpaka pawe donge, na likikauka linakuwa gumu kama jiwe. Gundi nilimletea mimi kutoka Jacobs, kwenye duka wanakonunua watengenezaji wa maboti. Lakini ina haraka zake. Ukishaichanganya, ukizubaa inagandia ndani ya kopo.

Na mume wangu alizubaa. Alinunua kamba ya katani dukani, akaifumua, akaanza kuzungusha uzi mmoja mmoja, anasogea nyuma anatazama, anasogea mbele anafumua. Haijakaa sawa. Gundi ikaganda. Akachanganya nyingine. Imelegea upande huu. Ikaganda. Jumapili moja, mbili, nikawa natupa makopo yaliyojaa mawe. Mchagua jembe si mkulima, na yeye alikuwa amelichagua jembe tangu mwaka unaanza. Baridi ilikuwa inaondoka. Asubuhi nilikuwa natoka bila sweta.

Siku hiyo nilikuwa nakunja nguo, nikamwona anafumua tena, kitu ndani yangu kikakatika.

"Weka chini," nikasema.

"Mke wangu, hii kazi ina hesabu zake."

"Nimesema weka chini. Unaifunga hiyo katani mbele ya nani?"

Mimi nimezaliwa ndani ya shamba la mkonge. Baba yangu aliukata, mama yangu alikuwa kwenye kamba za kuanikia, na sisi watoto tulisokota kamba za vitanda mpaka vidole vikawa havina alama. Kuna mambo mengi siyajui. Katani naijua, wala sikuipenda, na nilivuka nchi kadhaa ili nisiiguse tena. Kwanza kabisa ile kamba yake ilikuwa ya dukani, nayo hupakwa mafuta kiwandani, na kitu chenye mafuta kitashikaje gundi? Nikaifumua yote, nikaifua kwa sabuni ya unga kwenye beseni, nikaianika roshani. Ilipokauka nikaichana kwa chanuo langu la nywele mpaka ikalala. Mume wangu alisimama mlangoni ananitazama kama mtu anayeona gari lake linaendeshwa na mwingine.

"Changanya gundi," nikamwambia.

Nikavaa glovu za kuoshea vyombo, nikaanza. Unaanzia katikati ya maungio, kwenye kwapa, pale mianzi miwili inapokutana, maana ukiacha uwazi pale yote yaliyobaki ni mapambo. Unavuta mpaka uzi ulie. Unapita mshazari, unarudi mshazari, kila mzunguko unauuma uliotangulia. Yeye alikuwa anashika fremu na kunimiminia gundi. Mara moja tu alisema, "Taratibu."

"Taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa," nikajibu.

Juu ya mafundo tulikaza vipande vya tyubu ya zamani ili vibane, tukaacha. Jioni ya siku ya pili tulivifungua. Yalikuwa magumu, ya kahawia, nyuzi zinaonekana ndani zimelala pamoja. Mume wangu akachukua ufunguo wa mlango akayagonga moja baada ya jingine, ameweka sikio. Akaishika fremu nyuma na mbele akaipinda kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Akaipinda tena. Alikuwa anatafuta kosa, na nilimwona anavyotafuta, kwa bidii, kwa shida, na kosa halikuwapo. Uso wake ukanyong'onyea. Nilikuwa nimemfungia mlango wa mwisho aliokuwa akijifichia, tena kwa chanuo langu.

Nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Hapo ndipo visababu vilipoanza kutoka kimoja kimoja. Inataka magurudumu na mnyororo. Ikapata. Inataka vanishi. Ikapata vanishi. Inataka tandiko laini. Ikapata. Inataka kengele yenye sauti. Nikanunua kengele inayoweza kuamsha wafu. Leo kuna upepo. Kesho Ijumaa. Mlango wa kabati langu ulirudi mahali pake, baiskeli imesimama roshani imekamilika inang'aa, kila mpita njia anaisifu, na mwenyewe anaipangusa vumbi kwa fulana yake. Mkongo akaacha kutania, na hapo ndipo nilipojua hata yeye ameelewa.

Mama wa dawa alinipigia simu. Alisema maneno machache tu, kwamba kuna mtu anakuja kuonana naye saa nne, na alitaka nijue kabla.

Nikaifunga simu. Nikaichukua kofia iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango tangu siku ya yale matunda, nikaitia usukani, nikaibeba baiskeli. Nyepesi ilikuwa. Sikutegemea. Lifti yetu ni mbovu tangu tuhamie, nikashuka nayo ngazi, dera nimelishika kwa meno.

Nikasikia anashuka nyuma yangu. "Unaipeleka wapi?"

"Kazini kwako. Dawa nitapeleka mimi."

"Hujui kuendesha baiskeli!"

Ni kweli. Sijawahi kuipanda maishani mwangu. "Nitaisukuma," nikasema. "Watapata dawa zao magharibi, lakini watapata."

"Watakugonga, mwanamke! Pale kwenye roboti watakugonga!"

"Wanigonge."

Nikasukuma. Yeye nyuma, ananiomba, ananitishia, anaomba tena, watu wanatutazama, mpaka tukafika palepale kwenye roboti ileile. Alikuwa hajapita hapo tangu siku ile. Alikuwa akizunguka mitaa miwili kuikwepa, akidhani sijui. Nikasimama ukingoni. Nikaitoa kofia kwenye usukani nipate kuushika vizuri. Roboti ikawa kijani, sikuvuka. Ikawa nyekundu. Ikawa kijani tena. Teksi zilipita zikipiga honi, na kila honi alilivuta tandiko nyuma.

"Naogopa," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema ana kiu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku akilisema, nimeyaandaa tangu mvua za mwezi wa kwanza, makali yote, ya Tanga kabisa. Hakuna hata moja lililokuja.

"Najua, mume wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzi wa kwanza."

Akacheka kwa pua. Akautazama mguu wake, akazitazama zile taa. Kisha akanitoa mikono kwenye usukani, kidole kimoja kimoja, akauvusha ule mguu wenye chuma upande wa pili. Midomo yake ilisema bismillahi. Roboti ikawa kijani, naye akaenda.

Fremu ililia kidogo, kama kitanda kipya, kisha ikanyamaza. Alivuka. Teksi ikamfuata nyuma, ikampita, naye hakuyumba. Mianzi haikupasuka, katani yangu haikufumuka hata uzi mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni natabasamu peke yangu mpaka nilipokitazama kichwa chake. Kilikuwa kitupu, kidogo, kinazidi kuwa kidogo katikati ya magari. Kofia ilikuwa mkononi mwangu.

Ule woga wake wote, aliouficha roshani miezi yote ile, ulinipanda kutoka nyayoni. Nikalikusanya dera, nikaingia barabarani roboti ikiwa nyekundu. "Wewe!" nikapiga kelele. "Wewe mnywa ulanzi! Rudi uvae kofia! Rudi, mpumbavu wee, rudi!" Madereva wa teksi walitoa vichwa madirishani wakicheka. Mbele huko alinyanyua mkono mmoja kuniaga, mkono mmoja, katikati ya magari, akapiga ile kengele niliyomnunulia. Hakuwa amenisikia. Nikaendelea kukimbia.